Kasiksi Haihitaji Kipande cha Limau

Wanywaji wa bia ya ngano huko Ulaya na Marekani wana ugomvi wa siku nyingi ambao hauelekei kuisha: bilauri ya bia hiyo iletwe na kipande cha tunda ukingoni, au iachwe kama ilivyotoka kwenye pipa? Mzee wa Bavaria akiona limau linaelea juu ya povu lake hununa kana kwamba umemtilia chumvi kwenye chai. Husema mafuta ya ganda la limau huvunja povu, na ukali wake hufunika ladha ambayo mpishi aliitafuta kwa siku nyingi. Katika hilo la povu hasemi uongo. Mbelgiji wa mji mkubwa, akiketi nje wakati wa joto, hapati shida na limau lake. Mmarekani naye ataweka chungwa na kuuliza kuna nini.

Ugomvi huu unatuhusu sisi wa Butembo na Beni kuliko tunavyodhani. Si kwamba bia ya ngano inauzwa hapa. Ingia nganda yoyote ya Matonge mjini Beni, au zile za kando ya barabara kuu ya Butembo, utapewa Primus, Turbo King, Simba, Tembo, au kopo la Uganda lililovuka mpaka wa Kasindi. Ukiomba bia ya ngano, mhudumu atakutazama, kisha ataenda kumwita mwenye nyumba. Unatuhusu kwa sababu kinachobishaniwa kule ni namna ya kuoanisha tunda na nafaka ndani ya pombe yenye ukungu. Ndoa hiyo hapa kwetu ilifungwa zamani, ndani ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Tunaibeba kwenye bidoni ya njano na tunaiuza kwa bei ya kuona haya.

Nataka kwanza niwaeleze wenzetu walifikaje hapo, maana safari yao inatuonyesha kitu.

Mwaka 1516 watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm IV na nduguye Ludwig X, walitoa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Ngano waachiwe waoka mikate. Lakini wakubwa wakifunga mlango, ufunguo hubaki mfukoni mwao. Ukoo mmoja wa kitemi uliendelea kupika bia ya ngano kwa kibali maalumu, na ukoo huo ulipokwisha, ikulu ikajitwalia haki hiyo na kula faida peke yake kwa muda mrefu. Walaji walipohamia bia nyingine na faida kukauka, haki ikaachiwa wengine. Mwaka 1872 mpishi aitwaye Georg Schneider akaichukua, na pombe iliyokuwa karibu kufa ikafufuka. Nawaomba wasomaji wanaosimamia kodi za masoko waisome habari hiyo mara mbili.

Sasa, bia hiyo ya Bavaria haina ndizi hata moja ndani yake. Lakini ukiisogeza puani, ndizi ndiyo ya kwanza kukupokea, na karafuu inafuata nyuma. Harufu hiyo ni kazi ya hamira. Hamira ya bia ya ngano, inapokula sukari ya nafaka, hutoa kitu ambacho wakemia hukiita isoamili asetati, na hichohicho ndicho kinachonukia kwenye ndizi iliyoiva. (Nyuki nao wanacho: akikuuma mmoja huachia harufu ya namna hiyo kuwaita wenzake, na ndiyo sababu wafuga nyuki huambiwa wasile ndizi kabla ya kwenda mizingani.) Wataalamu wa Ujerumani hutumia miaka vyuoni wakijifunza joto la kuumusha, umbo la pipa na kiasi cha hamira, ili ndizi hiyo isiyokuwepo isikike kidogo zaidi au kidogo pungufu.

Wabelgiji, waliotutawala hadi 1960, walikwenda njia nyingine. Katika kijiji cha Hoegaarden bia nyeupe ya ngano ilipikwa kwa karne nyingi, hadi kiwanda cha mwisho, Tomsin, kilipofunga mwaka 1957. Miaka ya 1960 muuza maziwa wa palepale, Pierre Celis, ambaye ujanani alikuwa akisaidia kazi kiwandani humo, aliirudisha: ngano mbichi isiyooteshwa, kimea cha shayiri, mbegu za giligilani, maganda makavu ya machungwa ya Curaçao. Tunda likaingia chunguni. Bia yake ikapendwa, kiwanda kikaungua mwaka 1985, kampuni kubwa ikaingiza fedha na hatimaye ikachukua yote. Celis akahamia Texas akaanza upya. Mwaka 1995, Keith Villa, Mmarekani aliyesomea upishi wa bia Ubelgiji, alianzisha Blue Moon kwa mtindo huohuo, kisha akapeleka machungwa kwenye mabaa ili kila bilauri ipewe kipande. Ni kampuni kubwa ya Colorado iliyokuwa nyuma yake, na chungwa lile lilikuwa tangazo kama vile lilivyokuwa ladha: ukiona bilauri ya jirani yako ina chungwa, nawe utauliza.

Na bado sijataja cheri zinazolowekwa kwa miezi ndani ya mapipa ya pombe chachu ya Brussels, ambayo hutengenezwa kwa shayiri na ngano, na ambayo haitiwi hamira ya dukani kabisa. Huachwa wazi usiku ili vijidudu vya hewani viianzishe. Kiwanda cha Cantillon, mtaa wa Anderlecht, kimekuwa katika kazi hiyo tangu 1900, na watu hupanda ndege kwenda kuonja.

Hao wote wanafanya jambo moja. Wana nafaka, wanatafuta tunda. Kwa hamira, kwa ganda, kwa cheri, na wakishindwa kabisa, kwa kisu na limau. Sisi tuna tunda, nafaka ndiyo mgeni. Nikiulizwa kuhusu kipande ukingoni mwa bilauri, jibu langu ni kwamba kasiksi ni tunda lenyewe lililotiwa nafaka kidogo kwa heshima, na mwenye kuitia limau anaongeza maji mtoni.

Kwa wale waliozaliwa mjini na hawajaona kazi yenyewe, ni hivi. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa bado kijani. Mara nyingi si ndizi za kula wala za kupika: ni zile zenye ugwadu unaoshika ulimi, kama Kayinja iliyotuvukia kutoka upande wa Uganda, au Yangambi Km5, ambayo huliwa pia na ambayo jina lake linatokana na kituo cha utafiti cha Yangambi, katika mkoa wa Tshopo, kilomita ya tano. Huchimbwa shimo, likapashwa moto, likatandikwa majani ya mgomba, ndizi zikapangwa humo na kufukiwa kwa siku nne, tano, sita kutegemea baridi ya mahali. Wengine huzianika juu ya moshi wa jikoni. Zikiiva humenywa na kutiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, zikachanganywa na nyasi ngumu, zikakamuliwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu. Nyasi zile si uchafu, kama alivyowahi kudhani mgeni mmoja niliyekaa naye. Zinashika nyuzi na kuacha ugwadu, na bila nyasi hupati maji bali uji. Juisi huchujwa, hupunguzwa kwa maji kidogo, kisha hutiwa ulezi au mtama uliokaangwa na kusagwa. Hufunikwa kwa majani, huwekwa mahali penye joto, na kesho yake inaongea.

Hapo penye ulezi ndipo mafundi hutofautiana. Ukikaangwa sana, pombe inakuwa ya rangi ya kahawa, na nyuma ya ndizi unasikia mkate ulioungua ukoko. Ukikaangwa kidogo, inabaki ya njano yenye mawingu na povu zuri. Wachagga wa Kilimanjaro, ambao mbege yao ni binamu wa kasiksi, huotesha ulezi kwanza ukawa kimea, na huongeza gome chungu la msesewe kufanya kazi ileile inayofanywa na hopsi huko Bavaria. Waganda wana tonto, Warwanda urwagwa, Wahaya lubisi. Eneo lote hili la Maziwa Makuu, lingekuwa Ubelgiji, lingekuwa na vitabu vya mwongozo, ramani, na wazee wenye pua za kulipwa.

Ladha tunazo, na wajuzi wapo. Keti pembeni mwa mama muuzaji mchana mmoja, usiseme kitu, usikilize tu. Mnunuzi hafiki akasema "nipe kasiksi." Anauliza: "Mama, hii ni ya siku gani?" Akijibiwa "ya jana, mwanangu," mwingine atachukua kwa furaha na mwingine atasema atarudi kesho. Ya siku ya kwanza ni tamu, karibu juisi, na bibi kizee anayesema hanywi pombe ataikubali. Ya siku ya pili ndiyo yenye mizani: utamu umerudi nyuma, ukali umekuja mbele, gesi inachoma pua. Ya tatu ni ya wanaume wanaotoka kubeba mizigo. Ya nne inaelekea kwenye siki, na kuna wazee wachache wanaoitafuta hiyohiyo. Mimi ni mtu wa siku ya pili, na nitabishana na yeyote.

Kisha kuna tofauti ya miji yetu miwili, ambayo ni kilomita hamsini na kitu tu za barabara ya taifa namba 2. Butembo iko juu, karibu mita 1,800, na usiku wake unataka koti. Pombe huumuka polepole, haiharakishi, harufu ya ndizi inabaki nyororo. Beni iko chini kwa mamia ya mita, kuna joto, msitu uko karibu, na pombe iliyotegwa asubuhi jioni imeshakuwa na hasira. Mtu wa Butembo husema ya Beni ni kali haina adabu. Mtu wa Beni husema ya Butembo ni maji ya watawa. Wote wawili wanazungumza kuhusu joto la kuumushia, somo lilelile la vyuo vya Ujerumani, ila hakuna anayewapa cheti.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Nenda kwenye harusi ya mtu mwenye uwezo mjini Butembo. Mahari yalihesabiwa kwa mbuzi, kama desturi ya Wanande, na siku ya mahari wazee walikunywa kasiksi, maana bila hiyo mazungumzo hayafunguki. Lakini siku ya ukumbini, mbele ya wageni, juu ya meza ni kreti za chupa. Kasiksi iko nyuma ya nyumba, kwenye bidoni, kwa ajili ya wapishi, walinzi na wajomba waliotoka kijijini. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa haina heshima: ina ukungu, inanuka ndizi, inaacha masimbi chini.

Ukungu! Bia ya ngano inayouzwa kwa bei kubwa mjini Munich ina ukungu, na mhudumu huzungusha chupa kabla ya kumaliza kumimina ili masimbi ya hamira yaingie bilaurini. Asipofanya hivyo mteja ataona kadhulumiwa. Kunuka ndizi ndiko kusifiwa kwake. Na hiyo bia angavu tunayoiona ya kistaarabu, inayopenya mwanga kama dirisha, ina siri ambayo watu wa Beni wangepaswa kuijua kuliko wote.

Bia ikipozwa huweza kupata ukungu, kwa sababu protini zake hushikana na ugwadu wa nafaka na hopsi. Mwaka 1911, Leo Wallerstein alipata hataza nchini Marekani ya kuzuia jambo hilo kwa vimeng'enya vinavyokata protini, na kimeng'enya kilichokuja kutumika zaidi ni papaini. Papaini inatoka wapi? Kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Na utomvu huo umekuwa ukichanjwa na kukaushwa katika mashamba ya huku Beni na kuuzwa nje, kazi ambayo vizazi vya wakulima wa tarafa hii wanaifahamu: unachana ganda alfajiri, utomvu unadondoka, unakusanya, unakausha, mnunuzi anakuja. Kwa miongo mingi tunda la aina ya hilo la Beni lilikwenda ng'ambo kusaidia bia za watu wengine zing'ae. Halafu mjukuu wa mchanjaji anasimama ukumbini na kuionea haya pombe ya babu yake kwa kuwa haing'ai.

Najua majibu yatakayokuja, na mengine yana uzito.

Kuna la kanisa. Mji wa Butembo ni mji wa makanisa. Wabaptisti na Waadventista wanakataza kileo, na sina nia ya kubishana na mchungaji wa mtu. Wakatoliki wenyewe, tangu Waasumpsioni walipofika eneo hili mwaka 1929, wamekuwa na divai altareni na mahubiri dhidi ya ulevi mimbarini, na vyote viwili vina mahali pake. Ninachosema ni kwamba anayekunywa, na wengi wanakunywa, heri anywe kitu chenye nguvu ndogo kilichopikwa na mtu anayemjua, kuliko kindingi iliyokenekwa gizani au vileo vikali vya bei ya chini vinavyowamaliza vijana vituoni mwa pikipiki. Kasiksi ikichanganywa na sukari ya gunia na hamira ya mkate ili iive kwa usiku mmoja, hiyo siitetei. Wanaofanya hivyo wanajulikana kila mtaa.

Kuna la usafi, na hili ni zito zaidi. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, ikashika Beni na kisha Butembo, hadi ilipotangazwa imekwisha Juni 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Tulijifunza kunawa kwenye kila mlango na kuacha kupeana mikono. Kibuyu kimoja kilichozunguka kwa watu kumi na mirija iliyopokezanwa havikuweza kubaki kama zamani, na sioni sababu ya kuvirudisha. Maji ya kupunguzia juisi ndiyo swali kuu. Ndizi ikishaumuka, ukali na kileo hulinda kidogo, lakini havifanyi maji ya kijito kuwa salama. Maji yachemshwe, bidoni iliyobeba mafuta ya taa isibebe pombe, kila mtu apewe kikombe chake. Hayo yote yanawezekana kwa kuni na sabuni. Ajabu ni kwamba hatudai hivyo, tunadai chupa.

Na kuna la vita, ambalo siwezi kuliruka kana kwamba naandika kutoka Brussels. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 yalipoanza pembezoni mwa Beni, mashamba ya upande wa Mbau, Oicha, Eringeti na barabara ya Kamango yamekuwa mahali ambapo mtu huenda kukata ndizi na kutorudi. Tarehe 25 Desemba 2021, watu wakisherehekea Noeli, bomu lililipuliwa kwenye mgahawa wa In Box mjini Beni na watu wakafa mezani. Baada ya hapo, kukaa mahali pa wazi na kunywa kitu chochote, soda au bia, kulihitaji moyo. Wengi walirudi kunywea uani kwao, na uani mara nyingi ni kasiksi. Kuzungumzia ladha katikati ya hayo kunaweza kuonekana utovu wa huruma. Mimi naona kinyume chake: aliyepoteza shamba la migomba amepoteza pia ladha fulani ambayo haipatikani kwa jirani, na haki yake ni kwamba tuitaje.

Vita vilevile vimetufundisha jambo kuhusu chupa. Bralima, iliyoanza Léopoldville mwaka 1923 na baadaye ikawa chini ya Heineken, ilitulisha Primus kutoka mitambo yake, na ya Bukavu ilikuwa ya karibu. Brasimba, wenye Simba na Tembo, walifika hata kuweka kiwanda Beni. Lakini Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mambo yakabadilika. Juni mwaka huo Heineken ilisema imeondoa wafanyakazi wake na haina tena udhibiti wa majengo yake ya Goma na Bukavu. Kanyabayonga, kwenye barabara ya Goma hadi Butembo, nayo ilikuwa mikononi mwao tangu katikati ya 2024. Bia ya kiwanda inataka barabara, dizeli, chupa zirudi, kizibo kije, kimea kivuke bahari. Kasiksi inataka mgomba, shimo, ulezi na watu wawili wenye miguu safi. Katika miezi ambayo kreti ilipanda bei kila wiki, bidoni ya njano haikukosekana sokoni.

Wengine watasema basi tuitie chupani, kama walivyofanya Arusha, ambako kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza kileo cha ndizi na kukiuza kwa chupa, na jina la Raha linajulikana Tanzania nzima. Ni kazi ya kuheshimiwa, imewapa wakulima soko. Ila ili kileo kikae dukani kwa miezi, lazima kichujwe na kuuliwa vijidudu vyake, na kila chupa ifanane na nyingine. Kasiksi ya siku ya pili haiwezi kufanana na ya siku ya tatu. Hiyo ndiyo furaha yake. Ningependa tuanze mahali padogo zaidi. Nganda moja Butembo, moja Beni. Kasiksi iandikwe ubaoni kwa chaki: kilima ilikotoka, aina ya ndizi, ulezi au mtama, siku ya kutegwa, jina la aliyekamua kama anaruhusu. Iletwe kwenye bilauri ya kioo, ya baridi ya mtungi si ya friji, maana baridi kali huua harufu. Bei yake ikaribie nusu ya chupa, si kombo la chupa. Mtu akitaka tamu apewe ya jana. Akitaka kali asubiri.

Mfano wa kutupa moyo uko jirani. Kakao ya tarafa ya Beni ilikuwa ikivuka mpaka ikiwa ghafi, hadi kiwanda kidogo kilipowekwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kikitumia umeme wa maji ya hifadhi ya Virunga, kikaanza kutoa chokoleti yenye jina la Virunga. Kiasi ni kidogo, lakini mtu wa Ulaya akiila anajua iliko Mutwanga.

Na kwa wapenda majaribio, nina pendekezo moja. Milima ya Lubero inaota ngano. Imeota tangu enzi za Wabelgiji. Mikate yetu mingi hata hivyo ni ya unga unaopita Kasindi. Fundi mmoja achukue ngano hiyo ya Lubero, aikaange kidogo, aisage, aitie kwenye juisi ya ndizi badala ya ulezi. Atakuwa na pombe ya ngano yenye ndizi halisi, kitu ambacho Bavaria imekuwa ikikiiga kwa hamira kwa miaka mia kadhaa. Povu litakuwa zito, maana protini za ngano hushika povu. Akitaka kuongeza marakuja au tunda damu la milimani, atie ndani, katika siku ya kwanza, si ukingoni. Ninadhani marakuja itashinda, kwa kuwa kasiksi ina utamu mwingi na uchachu mdogo. Tunda damu naliogopea rangi.

Fedha za kuanza si tatizo Butembo, mji ambao wafanyabiashara wake hujaza makontena Guangzhou na Dubai. Tatizo liko shambani. Mnyauko wa migomba, ule unaoivisha ndizi kabla ya wakati na kutoa usaha wa njano ukikata shina, uliingia Kivu ya Kaskazini kupitia Masisi mwaka 2001 na umesambaa. Huchagua kwanza ndizi za pombe aina ya Kayinja, kwa sababu wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua la chini la mgomba mmoja hadi mwingine, na ua la Kayinja linawapa nafasi. Hauna dawa. Una kazi: kuvunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu kichane cha mwisho cha mkungu kinapokwisha kutoka, kukata shina lililougua peke yake na kuacha mengine ya shina mama, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba wa pili. Mfanyabiashara anayetaka nganda ya kasiksi kesho, leo anunue mapanga ya ziada awagawie wakulima wake, ili moja likiwa motoni jingine liwe kazini.